Gandamana, Nchi Isiyo na Mwanya

Wanaosema nchi ya Gandamana haipo ni watu ambao hawajawahi kuendesha gari wakiwa na haraka. Ipo. Haina bandari, haina mlima wa kupigiwa picha, na ramani za shuleni zimeiruka, lakini ukiulizia vizuri utakuta kila ukoo una mtu aliyewahi kupita huko, ingawa si kila aliyepita anakubali.

Mwalimu Fulgensi Mkude alipita. Alikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na nidhamu ikamfuata mpaka kwenye gari lake dogo jeupe. Pembeni ya usukani aliweka daftari la kurasa mia, na kila dereva aliyemsogelea mno kwa nyuma alimwandika humo: namba ya gari, tarehe, mahali, kosa. Kosa lilikuwa lile lile ukurasa baada ya ukurasa, KUNIKALIA MGONGONI, kwa herufi kubwa. Hakuna aliyemtuma, wala hakuwa na pa kuyapeleka majina hayo. Alikuwa akisema tu, "Ipo siku," na uso wake ukipata faraja kidogo.

Safari hii alikuwa akimrudisha nyumbani mama yake, Bi. Skolastika, mwenye miaka sabini na tisa. Bibi huyo alikuwa ametolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, amefungwa bandeji nyeupe kichwani, amekaa kiti cha mbele wima kama bibi harusi wa zamani. Daktari alimvuta Mwalimu pembeni akamwambia maneno ambayo Mwalimu aliyabeba tumboni njia nzima. Mama asiinamishe kichwa. Kesho saa nne asubuhi afunguliwe bandeji kwa mikono safi. Na zaidi ya yote asirushwe wala asitikiswe. "Breki moja ya ghafla, Mwalimu, na kazi yangu yote imekwenda na maji. Huenda asione tena."

Namna walivyoingia Gandamana haina maelezo marefu. Mwalimu alikuwa na haraka, akaifuata gari iliyokuwa na haraka kuliko yeye, na alipoinua macho akajikuta mbele ya kizuizi kilichopakwa rangi nyekundu. Karani wa Mpaka, mwanamke mwembamba mwenye kalamu mbili masikioni, alikuwa ameshafungua mlango wa gari kabla gari halijasimama. Jina lake lilikuwa Hima.

"Unamfuata nani?" aliuliza.

"Mimi naitwa Fulgensi Mkude, nimetoka ku—"

"Sikuuliza jina. Unamfuata nani?"

"Simfuati mtu. Nampeleka mama ya—"

"Pole."

"Pole ya nini? Mama anaendelea vizu—"

"Pole kwa kutomfuata mtu," Hima alisema, akaandika kwenye kitabu chake: *Hana wa mbele.* Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walitikisa vichwa kwa huruma, kila mmoja kidevu chake kikiwa begani kwa mwenzake.

Mwalimu alidhani karani yule amekosa malezi. Baadaye aligundua kwamba karani ndiye aliyekuwa amelelewa vizuri. Katika nchi ile mwanya ni aibu, hata mwanya ulio kati ya neno na neno. Kumwacha mtu amalize sentensi yake peke yake ni kumtelekeza, kwa hiyo muungwana humjibu mwenzake angali katikati. Waliopendana sana hujibiana kabla ya kuulizwa. Mkahawani mhudumu huondoa sahani mkono wako ukiwa bado ndani, na ukimtazama vibaya anakushangaa, kwa sababu nyuma yako kuna mtu ameshakalia nusu ya kiti chako.

Pale kizuizini pamebandikwa Sheria ya Mwanya, nayo ni fupi: *Mwanya wowote unaozidi shibiri moja hauna mwenyewe. Aliyeuona kwanza ni wake.* Shibiri hupimwa na maofisa wa serikali, na kazi hiyo hupewa watu wenye viganja vidogo. Kulikuwa na ofisa mmoja maarufu ambaye mkono wake ulikuwa kama wa mtoto wa miezi sita. Huyo alikuwa ameshapandishwa cheo mara nne.

Gari ya Mwalimu ikaingizwa barabarani. Barabara ya Gandamana ni moja tu, nayo ni duara. Magari huizunguka mchana kutwa, pua ya hili kwenye mkia wa lile, na kila gari lina vioo saba vya kutazamia nyuma. Kioo cha mbele hakina kazi kubwa; wengi wamekibandika nakala za malalamiko waliyowahi kuyafungua dhidi ya waliokuwa nyuma yao, hadi limebaki tundu la kuchungulia kwa jicho moja. Pande zote za barabara kuna mashamba ya mahindi yaliyopandwa kisogo kwa kisogo, bila nafasi ya kupitisha hata jembe. Yanarefuka, yanapauka, hayabebi. Mkulima mmoja aliyekuwa akitazama shamba lake kwa uchungu alieleza kwamba tatizo ni mstari wa nyuma: unausukuma ulio mbele.

Nyuma ya Mwalimu alipangwa mtu mmoja katika gari ya buluu, anaitwa Bwana Chapuo. Alikuwa na kofia ya kufuma na shingo ndefu, na tangu dakika ya kwanza alipiga honi kwa mdundo usiobadilika, mfupi, mfupi, mrefu. Bampa yake iligusa ya Mwalimu mara mbili. Mwalimu alihisi jasho likimtembea mgongoni, akatazama kioo, akamtazama mama, akatazama saa, akarudi kwenye kioo.

"Mama, kichwa hakiumi?"

"Kichwa kizima. Masikio ndiyo yanaumia. Nani huyo anayepiga kelele?"

"Mhuni mmoja," Mwalimu alisema, na mkono wake ulikuwa umeshaenda kwenye daftari.

Alimwuliza dereva wa mbele, kwa kupaza sauti dirishani, njia ya kutoka iko wapi. "Mbele!" alijibiwa. Akazunguka. Alipokipita kituo kile kile cha mafuta mara ya tatu, chenye ukuta wa kijani na mbuzi mmoja aliyelala mlangoni, alianza kuelewa maana ya jibu lile, na akaanza kuogopa.

Saa sita mchana kuna mapumziko ya dakika saba, magari yote yakisimama yalivyo, na ndio wakati Baraza la Visogo linapokutana. Mwalimu alimshika mama mkono, akamkinga kwa kiwiko na bega, wakapenya mpaka ndani. Alikuwa na shauri lake na alikuwa na ushahidi kwa maandishi. Ile "Ipo siku" alikuwa akiisema miaka yote, na sasa aliona imefika.

Lakini palikuwa na shauri lingine mbele yake. Bi. Zamda, mwanamke wa makamo mwenye shungi la zambarau, alikuwa amesimama kizimbani akitetemeka kwa hasira. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa amemshtaki dereva aliyemkalia mgongoni. Dereva yule alipoitwa, alijitetea kwamba na yeye alikuwa akisukumwa na wa nyuma yake, na Baraza likaona utetezi huo una uzito. Akaitwa wa nyuma. Huyo naye akamtaja wa nyuma yake. Shauri likarudi nyuma hivyo, gari kwa gari, mashahidi wakizeeka, mahakimu watatu wakifia kitini, hadi siku ile lilipomfikia mtuhumiwa wa mwisho. Naye, alipoulizwa nani alikuwa akimsukuma, alinyoosha kidole bila kusita kwa Bi. Zamda.

"Mimi ndiye mlalamikaji!" Bi. Zamda alifoka. "Mimi ndiye nili—"

"Ndiye uliyekuwa nyuma yangu," alisema yule mtu.

"Barabara ni duara," alisema Mwenyekiti, Mheshimiwa Sukumai, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. "Baraza limejiridhisha kwamba mlalamikaji ndiye chanzo. Lifuatalo."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Alimwinamia mama akamnong'oneza habari nzima. "Miaka kumi na moja, mama! Anashtaki watu kumbe ni yeye. Nyani haoni kundule."

"Ni kweli haoni," Bi. Skolastika alisema.

Likafuata jambo la pili, nalo lilikuwa mjadala wa namna ya kukabiliana na wanaofuata kwa karibu. Mjumbe mmoja alitaka kila gari lifungwe honi ya pili upande wa nyuma. Mwingine alishauri kila mtu aongeze mwendo ili amwache wa nyuma. Alipokumbushwa kwamba mbele kuna mtu, alisema huyo naye aongeze. Kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliuliza kama mtu hawezi kupunguza mwendo taratibu, akaacha nafasi kidogo, kisha akampisha mwenye haraka apite zake. Hakumaliza. Ukumbi uliguna kana kwamba ametukana mzazi, na waliokuwa karibu naye walimfunika kinywa kwa viganja, kwa upole, ili asijiharibie maisha.

Mheshimiwa Sukumai aligonga meza. "Dawa tunayo, nayo ni ile ile. Leo saa tisa alasiri ni Funzo. Kila dereva ajiandae."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu alimshika Karani Hima, aliyekuwa amebanwa ubavuni pake, akamwuliza Funzo ni kitu gani.

"Ni siku ya adabu," Hima alisema. "King'ora kikilia, kila dereva anapiga breki kwa nguvu zake zote, ghafla, ili aliye nyuma yake ajifunze."

 "Na yeye mwenyewe anamgonga wa mbe—"

"Wa mbele ndiye mkosaji, kwa nini asimame ghafla? Mwaka jana tulijifunza sana. Wodi zote zilijaa."

"Karani, nisikilize. Mama yangu ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho. Akirushwa mara moja tu, ha—"

"Akina mama wapo kila mwaka," Hima alisema. Hakusema kwa ubaya.

"Basi nitoke! Njia ya kutoka iko wapi? Na usiniambie mbele!"

Hima alitazama huku na huku, kisha akasogea mpaka pumzi yake ikawa sikioni kwa Mwalimu, jambo ambalo Gandamana halina maana yoyote. Njia ya kutoka ipo moja, alisema, imenyooka, inaanzia karibu na kile kituo cha kijani. Lakini hupitwa na wafu tu. Sheria inasema anayejiweka pembeni ya barabara na kumpisha aliye nyuma yake amekufa. Jina lake linafutwa, mashauri yake yanafungwa, na nafasi yake inakuwa mali ya yule aliyepishwa. Matanga yake yanafanyika hapo hapo, na huzikwa kwa kuelekezwa njia ile. Hajapata kurudi hata mmoja.

"Kwa hiyo nimpishe yule wa gari ya buluu," Mwalimu alisema polepole, "halafu mimi niandikwe maiti na yeye aandikwe mshindi?"

"Na shauri lako dhidi yake, lile ulilokuja nalo kuliwasilisha, lenye kurasa arobaini—"

"Arobaini na mbili."

"Linakufa nawe."

Dakika saba ziliisha. Wakarudi kwenye gari, na duara likaanza tena kuzunguka.

Sasa tuseme ukweli kuhusu Mwalimu Mkude, kwa sababu tumemtetea vya kutosha. Saa saba ilimkuta barabarani, na saa nane ikamkuta barabarani. Alijua kabisa kitakachotokea saa tisa. Alikipita kituo cha kijani mara moja, mbili, tatu, na kila mara aliona kile kipande cha kando chenye nyasi, na njia iliyonyooka ikianzia hapo, tupu. Mkono wake ulikwenda kwenye indiketa na kurudi. Alijipa sababu. Huenda Funzo likaahirishwa. Huenda akapiga breki kwa ustadi. Lakini sababu ya kweli ilikuwa kwenye kioo, imevaa kofia ya kufuma, inapiga honi mfupi, mfupi, mrefu. Hakuweza kuvumilia sura ambayo Bwana Chapuo angeiweka akipita.

Saa nane na nusu Chapuo alitoa kichwa dirishani. "Mzee! Songa!"

"Nisonge wapi?"

"Mbele!"

"Mbele kuna mtu, huoni?"

"Na mimi nyuma nina mtu! Songa!"

"Sisongi! Na namba yako ninayo! Niliwatandika wakubwa kuliko wewe!"

"Nitandike basi! Songa!"

Mwalimu alishika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akafungua daftari juu ya goti, akaanza kuandika. Gari iliyumba kidogo. Bi. Skolastika, aliyesikia kalamu ikikwaruza, alishika mpini wa mlango.

"Unaandika nini, baba?"

"Namba yake."

"Si uliiandika asubuhi?"

"Naiandika tena."

 Saa ya Mwalimu ilionyesha saa tisa kasoro kumi na nane. Kando ya barabara watu walikuwa wameanza kupanga machela kwa mistari, moja ikigusa nyingine.

"Mpishe," alisema mama.

"Nikimpisha ameshinda."

"Ameshinda nini?"

Mwalimu alifungua kinywa. Wanafunzi wengi walikuwa wamesimama mbele yake miaka yote ile wakiwa na uso kama huo, wakitafuta jibu, na yeye akiwangoja kwa fimbo. Alitafuta mpaka kituo cha kijani kikaonekana tena kwa mbali, na hakupata.

"Tangu baba yako azikwe sijaona uso wa mtu," Bi. Skolastika alisema. Hakupaza sauti. "Miaka miwili. Nasikia sauti, najua huyu ni fulani, lakini sura nazitengeneza mwenyewe, na nyingine zimeanza kunitoka. Nilisema nikifunguliwa, nianze na uso wako. Ndilo nililoomba. Sasa kama uso wako uko huko nyuma kwa huyo bwana, basi, baba, nitafanyaje?"

Mbuzi alikuwa bado amelala mlangoni. Mwalimu akapiga indiketa, akapunguza mwendo pole, pole kabisa kama mtu anayelaza mtoto, akaingiza gari kwenye nyasi na kusimama. Haikutikisika. Ilikuwa saa tisa kasoro kumi.

Bwana Chapuo alipita. Mwalimu aliingoja ile sura ya ushindi, lakini haikuja. Chapuo alikuwa amevua kofia, ameiweka kifuani, na machozi yanamtoka. "Alikuwa mtu mwema!" alipiga ukelele kuwaambia wa nyuma. "Amekaa mbele yangu siku nzima!" Kisha akauona mwanya uliobaki mbele yake na kuujaza mara moja, kwani maisha lazima yaendelee.

Matanga ya Gandamana hufanywa kwa mwendo, maana hakuna awezaye kusimama. Kila gari lililopita lilirusha neno moja dirishani: pole, pole, pole. Bi. Zamda alipita na shungi lake la zambarau, akawatazama kwa kitambo, na yeye hakusema pole. Alitazama zile nyasi. Mwalimu aliapa baadaye kwamba alichokiona usoni mwake kilikuwa wivu.

Karani Hima alifika kwa miguu akihema, ana cheti mkononi. Jina la marehemu lilikuwa limeshaandikwa. Mbele ya *sababu ya kifo* aliandika neno moja: *Alipisha.* Alimkabidhi Mwalimu, na badala ya kuondoka akabaki amesimama kwenye nyasi, hatua nzima kutoka kwake, akiutazama umbali ule kwa hofu na udadisi.

"Unajisikiaje?" aliuliza.

Mwalimu alianza kusema, akasita, akingoja kukatizwa. Hima alinyamaza. Alikuwa amekunja ngumi kwa kujizuia.

"Nasikia aibu," Mwalimu alisema, na sentensi yake ikafika mwisho salama. "Na nasikia pumzi."

"Nenda," Hima alisema. "Saa imekaribia."

Waliendesha njia ya wafu kwa dakika chache, peke yao, na mashamba pembeni yakaanza kuwa na nafasi kati ya mstari na mstari. Nyuma yao king'ora kikalia. Ikafuata sauti ndefu ya vyuma, ndefu kuliko walivyotarajia, kwa sababu duara lile ni kubwa na sauti iliuzunguka mzingo wake wote kabla ya kukoma.

"Ni nini hicho?" Bi. Skolastika aliuliza.

"Ni watu, mama. Wanajifunza."

Kesho yake saa nne asubuhi walikuwa wameshafika upande huu, kwenye barabara zetu, zile zenye majina na alama. Mwalimu alisimamisha gari chini ya kivuli, akanawa mikono mara mbili kwa maji ya chupa ya chai, akafungua bandeji. Mama alifumba na kufumbua. Aliona ukungu, alisema, ukungu mweupe wenye kichwa ndani yake. "Ni wewe?" Alinyoosha mkono akamgusa shavu. Daktari alikuwa amesema ukungu utaondoka taratibu, hivyo Mwalimu akamvika miwani nyeusi wakaendelea. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipostaafu. Nyumbani walikuwa wanangojwa, dada zake wameinjika pilau, na saa sita ilikuwa inakaribia.

Mbele yao palikuwa na gari kuukuu la kijivu lililokwenda kwa mwendo wa kusindikiza maiti. Mwalimu alijaribu kulipita, likaja lori. Akajaribu tena, ikaja kona.

"Huyu naye," alisema. "Barabara ya baba yake?"

Akasogea. Alipiga honi kidogo tu, ya kumkumbusha. Akasogea tena.

"Naona," mama alisema ghafla.

"Unaona nini, mama? Sema!"

"Naona mwanamke." Alikuwa ameinua miwani kidogo, ameegemea kiti, anatazama kupitia kioo cha mbele. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Amekaa kiti cha nyuma. Ana hereni za kijani. Ndogo, za duara. Moja imepinda."

"Hereni!" Mwalimu alicheka kwa sauti, macho yakimlowa. "Unaona mpaka hereni! Mama, umepona! Umepona kabisa!"

"Ana mtoto mapajani, amemkumbatia kwa mikono yote miwili. Sasa anageuka. Anatutazama." Bi. Skolastika akakunja uso kama mtu anayesoma herufi ngeni. "Huu ndio uso wa kwanza kuuona vizuri, baba. Mbona una hofu namna hii?"

 Honi ilikuwa bado chini ya kiganja cha Mwalimu. Aliuona na yeye sasa, uso ule, na mdomo wake ukisema kitu kumwambia dereva, na kichwa cha mtoto kikifichwa kifuani.

"Toa daftari lako," mama alisema.

"La nini?"

"Uandike."

"Niandike namba ya nani, mama?"

Bibi alishusha miwani. "Mimi siijui. Sijawahi kuiona. Wewe ndiye unayeijua."

Mwalimu Mkude aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari la kijivu likaanza kwenda mbali, hereni zikapotea, kisha uso ukapotea, na kati yao ikabaki barabara tupu yenye jua. Alipopata pa kusimama, alisimama. Alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, mahali na kosa. Namba ya gari aliiandika mwisho, bila kushuka kuitazama.